Nafasi ya Kusimama katika Jumba la Opera

Fuateni kwa kidole ukurasani, nami nitasoma polepole.

Opera ni nini? Ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji huyaimba maneno yao badala ya kuyasema. Mbele ya jukwaa, mahali palipoinama, hukaa wapigaji wa fidla, zumari, tarumbeta na ngoma. Kwa desturi mwimbaji hatumii kipaza sauti. Sauti yake mwenyewe yapasa ipite juu ya vyombo vyote, imfikie mtu aliye nyuma kabisa.

Watu wengi hudhani kwamba opera ni ya matajiri tu. Basi, twende Vienna, mji mkuu wa Austria, tukaone. Jumba la opera la huko lilifunguliwa mwaka 1869. Viti vizuri ni ghali sana. Lakini ziko pia nafasi za kusimama kwa mamia ya watu, na bei yake ni ndogo. Zamani, aliyefika mapema alipata mahali pake, akafunga kitambaa penye chuma cha kuegemea. Kila aliyekiona kitambaa hicho alijua kwamba mahali hapo pana mwenyewe.

Tarehe 12 Machi 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jumba hilo lilipigwa mabomu. Jukwaa na ukumbi viliteketea. Baada ya vita, majeshi ya mataifa manne yalikaa nchini kwa miaka 10. Yalipoondoka, jumba lililojengwa upya likafunguliwa, tarehe 5 Novemba 1955.

Usiku ule iliimbwa opera ya Beethoven iitwayo Fidelio. Ni hadithi ya mke aliyevaa nguo za kiume na kuomba kazi gerezani, ili amwokoe mumewe aliyefungwa bila haki. Adui anapotoa kisu amwue mfungwa, mke yule anasimama katikati. Je, wadhani kwa nini watu wa Vienna waliichagua hadithi hiyo?

Jambo la mwisho. Opera nyingi huimbwa kwa Kiitaliano, na wengi wa wasikilizaji hawakijui. Kwa hiyo siku hizi, mbele ya wakaao na mbele ya wasimamao, kuna kioo kidogo chenye kuonyesha maneno yaliyofasiriwa. Asiyejua kusoma atafurahia sauti. Ajuaye kusoma atafahamu pia yule mke anasema nini. Aliyelipa nyingi na aliyelipa kidogo husoma maneno yale yale.

Kazi ya nyumbani: jibuni swali langu la juu kwa sentensi tatu, kwa maneno yenu wenyewe. Kisha msomeeni jirani.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.