Mafanikio ya Mtu si Jasho Lake Peke Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya walimu na watumishi wa serikali)



Sisi tuliosoma tuna desturi ya kuwaambia vijana kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, ila viko vitanda ambavyo mvunguni mwake hapakuwekwa kitu.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937. Akili alikuwa nayo, wala hakuna abishaye. Lakini ni vijana wangapi wa rika lake, wachunga mbuzi kama yeye, ambao akili zao hazikupimwa na mtu yeyote kwa kuwa baba zao hawakuwa machifu? Mwalimu alilitambua jambo hilo, ndiyo maana alishikilia kwamba msomi ana deni kwa umma.

Kilimanjaro kulikuwa na misheni na kahawa, na ushirika wa KNCU ulianzishwa mwaka 1933. Songea na Kigoma ziligeuzwa ghala la manamba wa kukata mkonge. Mtoto wa Machame na wa Kasulu hawakutofautiana kwa bidii, bali kwa mahali vitovu vyao vilipozikwa.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Ada nayo imeondolewa, hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo tabaka halifi kwa waraka. Mtoto wa mkulima husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta fizikia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Kando yake ameketi mtoto wa afisa, aliyelipiwa shule ya Kiingereza tangu chekechea, na ambaye jioni ana mwalimu wa twisheni na taa ya umeme. Mtihani ukija, wote wawili hupewa karatasi moja na saa zile zile, nasi huita hiyo haki. Yule wa kwanza akianguka, twaandika katika ripoti yake: mvivu, aongeze bidii. Ndugu walimu, neno hilo humfuata mtoto hadi uzeeni.

Sidharau juhudi, la hasha! Wala simlaumu mtu kwa kuzaliwa penye neema. Bahati haina mwandishi. Kimemo kinaye. Nafasi ya kazi anayopewa mpwa wa mkubwa ni mali ya umma iliyogawiwa gizani, na mpwa huyo huyo, baada ya miaka kumi, ndiye atakayealikwa kuwahutubia vijana juu ya siri ya mafanikio yake.

Naiomba semina hii, kabla haijavunjika, ijadili masomo ya ziada ya Kiingereza, bila malipo, kwa kila anayeingia kidato cha kwanza. Na mwalimu aandikapo ripoti, aandike pia mtoto huyo hutembea kilometa ngapi kufika darasani.