Risasi za Kurithishana

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo, ambacho wengi wetu wakazi wa mjini tunakipita kila usiku bila kukitazama. Nacho ni risasi ya bunduki ya marisau, ile tuliyozoea kuiita shotigani.

Masika iliyopita nilichelewa kurudi nyumbani, na mvua ikanikamata katikati ya Ngamiani, hapa Tanga. Nikajibanza kwenye baraza la duka moja la jumla. Mlinzi alikuwa pale, mzee wa umri wa baba yangu, amejifunika koti la mpira, bunduki iko magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku ndani, usilowe."

Tukazungumza habari za mvua na bei ya unga. Mwishowe nikamwuliza kwa utani kama bunduki ile inalia. Hakucheka. Alitia mkono mfukoni akatoa risasi mbili, akaziweka kiganjani. Vitako vyake vya shaba vilikuwa vimefanya ukungu wa kijani, na kwenye ukingo kutu imeota. Akaniambia kuwa alikabidhiwa na mlinzi aliyemtangulia, naye huyo alikabidhiwa na mwingine.

"Hizi ni za kurithishana," akasema. "Mchana zinalala na jasho la mwenzangu, usiku zinalala na mvua yangu. Zikilia, alhamdulillahi. Zisipolia, mwizi hajui."

Mwizi hajui! Maneno hayo yalinifuata mpaka kitandani.

Ndugu msikilizaji, tuitazame risasi yenyewe. Katikati ya kitako chake mna fataki, kidude kidogo kinachotoa cheche kinapogongwa. Juu ya fataki mna baruti, juu ya baruti mna kizibo, na juu ya kizibo ndiyo marisau. Zamani ganda lilikuwa la karatasi ngumu. Likipata unyevu lilivimba hata risasi ikakataa kuingia kwenye bunduki. Siku hizi ganda ni la plastiki, nasi tukadhani maneno yamekwisha. Hayakwisha. Unyevu bado unapenya kwenye mkunjo wa mdomoni, na pembezoni mwa fataki. Nasi wa pwani tuna adui wa pili, chumvi ya upepo wa bahari, ileile inayokula mabati na misumari ya nyumba zetu.

Tena kimya si hatari peke yake. Risasi iliyoingia unyevu yaweza kulia kwa sauti hafifu, baruti ikaungua nusu, na kizibo kikakwama ndani ya mtutu. Mwenye bunduki akitia risasi ya pili na kufyatua, mtutu hupasuka mbele ya uso wake. Yaweza pia kukawia: unasikia "ta", unangoja, hakuna kitu, unaifungua bunduki ili uchungulie, na hapo ndipo inapolipuka. Kwa hiyo mwizi kweli hajui, lakini anayebeba gharama ya kutojua ni mlinzi.

Katika mkoa wetu huu jambo hili lina historia. Mwezi Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilifika kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, iliifukuza mpaka katika ghuba ya Manza na kuipiga mizinga. Ikakwama pale, imeungua juu na kujaa maji chini. Waingereza wakaondoka wakiamini kuwa kazi imekwisha. Wajerumani wakaingia majini kuopoa shehena.

Zilikuwa risasi za bunduki za vita, si za marisau, lakini maji ya chumvi hayabagui. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi risasi zile zilivyozidi kuharibika kadiri siku zilivyopita. Kwa miezi kadhaa, huko Moshi, watu walikaa kutwa wakizifungua, wakisafisha baruti na kubadili baadhi ya fataki. Pamoja na jasho lote hilo, fungu ambalo risasi moja katika kila tano ilikataa kulia lilihesabiwa kuwa linafaa kwa vita. Mabovu kuliko hayo yalipelekwa kwenye mazoezi. Na zile risasi nzuri za zamani ziliwekwa kwa ajili ya rashasha, mahali ambapo kukwama ni kufa.

Lile lilikuwa jeshi lililozingirwa, halina pa kununua nyingine. Je, mwenye duka la jumla naye amezingirwa na nani?

Kinga yenyewe ni nyepesi. Risasi zikae katika kopo la bati au plastiki gumu lenye mfuniko unaobana sawasawa, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na mikono ya watoto. Kopo lifungwe saa za hewa kavu, kwani hewa uliyoifungia ndani ndiyo itakayokaa nazo. Tia humo vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja katika maboksi ya viatu na redio. Usiliweke kopo sakafuni wala kuliegemeza ukutani, maana saruji hupitisha unyevu. Usiziache risasi miezi na miezi katika mkanda wa ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo huleta ule ukungu wa kijani. Zifute kwa kitambaa kikavu, usizipake mafuta, kwani mafuta nayo hupenya mpaka kwenye fataki. Andika tarehe ulipozinunua, na za zamani zitangulie kutumika.

Na iliyokwisha kulowa isianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko, kwa kuwa joto haliirudishii uzima. Ipelekwe kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Bunduki ikigoma kulia, mtutu uelekezwe mahali salama, mtu asubiri walau nusu dakika kabla ya kuifungua. Ikilia kwa sauti hafifu, asifyatue tena mpaka mtutu uangaliwe.

Ndugu msikilizaji, mzee yule anajua mengi ya haya kuliko mimi. Asichokuwa nacho ni kopo, na risasi mpya. Hivyo si vya kununua yeye kwa mshahara wake. Ni vya kununua yule anayelala usingizi kwa sababu mzee yuko macho. Bei ya risasi mbili mpya ni ndogo mbele ya mali iliyomo dukani. Tunabadili kufuli ikishika kutu, tunabadili taa ikiungua. Iweje tumwambie binadamu asimame mvuani na risasi za kurithishana?

Jioni ya leo ukipita kwenye duka lako, mwombe mlinzi wako akuonyeshe kiganja.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa.