Waziri Mereruka na Jamaa Yake, Enzi za Nguzo za Lothagam

Mereruka alikuwa waziri mkuu wa Farao Teti, mfalme wa kwanza wa Nasaba ya 6 ya Misri, yapata mwaka 2340 KK. Alikuwa hakimu, msimamizi wa kazi zote za mfalme, na mkuu wa waandishi wa nyaraka zake. Lakini hakusimama kwa kalamu peke yake. Mkewe, Watetkhethor, alikuwa binti wa Farao. Kagemni, aliyemtangulia katika uwaziri, naye alioa binti wa Teti. Ni dhahiri mfalme huyo aliwafunga mawaziri wake kwa kamba ya ukwe.

Kaburi la Mereruka liko Saqqara, karibu na piramidi ya Teti, na lilifukuliwa mwaka 1893 na Jacques de Morgan. Lina vyumba zaidi ya 30. Vingi ni vya waziri mwenyewe. Mke ana vyake, na mwana wao Meryteti, ambaye baadaye naye alikuwa waziri mkuu, ana vyake. Sanamu ya Mereruka imesimama ndani ya shubaka, mguu mmoja mbele, kana kwamba anashuka kupokea sadaka. Ukutani Watetkhethor anampigia mumewe kinubi wakiwa wamekaa kitandani. Kwingine viboko wanachomwa mikuki majini, fisi wanalishwa kwa nguvu, na wazee wa vijiji wanaburutwa mbele ya makarani wa kodi, mmoja wao amefungwa kwenye nguzo akichapwa. Mchongaji hakuona haya: kwa mwenye kaburi, bakora hiyo ilikuwa sehemu ya fahari.

Mbali kusini mwa Misri, Ziwa Turkana liliwahi kuungana na Nile, mto wa Mereruka. Katika zama za mvua nyingi maji yake yalifurika kaskazini-magharibi, upande wa Todonyang, yakauingia mto huo. Ndiyo sababu sangara wa Nile wamo ziwani hadi leo. Mvua zilipopungua, yapata miaka 5,000 iliyopita, ziwa lilirudi nyuma na ufugaji ukaenea kandokando yake. Wafugaji hao hawakuwa na farao, makarani wala kodi. Hata hivyo walijenga.

Huko Lothagam, kusini-mashariki mwa Lodwar, walichimba shimo la mita za mraba 120 hivi, wakalizungushia jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30, na mwishowe wakasimamisha nguzo za mawe. Kwa karne kadhaa, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, walizika humo watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580. Kwa hiyo maziko ya mwisho yanakaribia enzi za Teti. Wanaume, wanawake na watoto wamebanana pamoja. Hakuna chumba cha mkubwa wala kona ya familia bora. Utajiri upo, ila umesambaa: karibu kila mtu alizikwa na mapambo, yakiwemo shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za mawe ya rangi, na pete za pembe ya kiboko. Kiboko yule yule aliyekuwa windo la kifahari kwenye ukuta wa waziri hapa alikuwa pambo la yeyote.

Aliyepambwa kwa namna ya pekee alikuwa na kilemba chenye meno 405 ya panya wa jangwani, yaliyotoka kwa wanyama zaidi ya 100. Naye alilazwa katika shimo lile lile, bila jina, katikati ya majirani waliovaa shanga zao.