Daktari, Mbona Mimi Mfupi?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kasulu na Kibondo)

Kila nikija huku, swali linalojaa kwenye vikaratasi ni lilelile, na wavulana ndio huliandika zaidi: "Kuna sindano ya kurefuka?" Leo nawajibu kupitia kazi ya daktari mmoja Mmarekani, Thomas Merimee, aliyeichunguza homoni ya ukuaji kwa miaka mingi.

Homoni hiyo hutoka kwenye tezi ndogo kama punje ya kunde, chini ya ubongo. Je, watu wafupi wa misitu ya Afrika ya Kati wamepungukiwa nayo? Mwaka 1967 Merimee na wenzake walitoa matokeo ya damu yao. Loo! Homoni ilikuwepo ya kutosha. Wengine wangeishia hapo. Lakini homoni hii ni kama tarishi: hupeleka ujumbe kwenye ini, nalo ini hutoa kichocheo kingine, IGF-1, kinachosaidia mifupa kurefuka. Mwaka 1981 wakaonyesha kwamba hicho ndicho kilikuwa kidogo. Mwaka 1987 wakaongeza jambo linalowahusu ninyi hasa: utotoni walikuwa nacho kama watoto wengine, tofauti ilijitokeza wakati wa kubalehe, kinapotakiwa kupanda sana. Miaka 20, swali moja! Mimi namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa majibu yenyewe.

Maana majibu hayakuisha. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbali kaskazini kwenye msitu wa Ituri, mtafiti Robert Bailey alionyesha mwaka 1991 kwamba watoto wa Waefe huzaliwa tayari wakiwa wadogo kuliko wa majirani zao wakulima. Basi kubalehe peke yake hakutoshi kueleza. Na Waefe si wagonjwa, msije mkasema nimesema.

Sasa sindano. Ipo, hasa kwa watoto ambao vipimo vimeonyesha tezi yao haitoi homoni ya kutosha, na huchomwa kwa miaka. Ncha za mifupa zikishafunga, haikurefushi hata sentimita moja. Ikizidi hukuza viganja na taya, na inaweza kuleta kisukari. Anayekuuzia vidonge vya kurefuka pale stendi anataka hela yako tu.

Wewe wa kidato cha pili unayeitwa "kibushuti", huenda mwili wako umechelewa tu kuanza. Ila mvulana akifika miaka 14, au msichana 13, bila dalili yoyote ya kubalehe, aende kituo cha afya apimwe urefu, arudi baada ya miezi sita apimwe tena.