Jicho Halingoji Jumatatu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mwanza



Sisi makarani twala kwa macho kama mvuvi alavyo kwa wavu. Walakini wavu ukikatika, mvuvi huutengeneza siku ile ile, nasi jicho likiumia huliambia, "Ngoja mpaka Jumatatu."

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, nyumba yake kando ya ziwa. Jumamosi moja alikuwa akipaka ukuta chokaa, tone likamrukia jichoni. Nasi tulikuwapo. Tulimpa kitambaa ajifute, jirani akamtia maji ya majani, tukamwambia alale. Jumatatu alikwenda kwanza ofisini kuomba ruhusa, ndipo akaenda kwa daktari. Kioo cha jicho kilikwisha kuwa cheupe kama maziwa. Daktari hakutulaumu, alituuliza neno moja tu: "Maji hayakuwapo?" Mabwana, mbele ya mlango lilikuwa Ziwa Victoria zima! Kwa jicho lile mwenzetu sasa aona mwanga na kivuli tu. Aibu ile ndiyo iliyotupeleka kwa madaktari kujifunza haya tunayowaletea.

Kwanza, vitu vikali. Chokaa, maji ya betri, au sumu ya swila ikiingia jichoni, mimina maji mengi dakika ile ile, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda usiopungua nusu saa; vipande vya chokaa vitolewe vyote. Maji safi ndiyo bora. Yakikosekana, tumia yaliyo karibu. Usitafute kwanza dawa wala gari: osha, kisha nenda hospitali. Chokaa haiishi kwa kufutwa; huendelea kula ndani.

Pili, jicho lililotobolewa na ndoana, mwiba, au chembe ya chuma iliyoruka kutoka kwenye nyundo. Hapa shauri ni kinyume: usioshe, usibonyeze, usichomoe kitu. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, na mgonjwa apelekwe saa ile ile.

Tatu, hatari zisizo na ajali. Kuona kukipotea ghafula, hata bila maumivu. Kuona kama pazia lashuka, au cheche na vidoa vyeusi vingi vilivyozuka kwa ghafula. Jicho jekundu lenye maumivu makali, pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho: yote haya ni ya siku ile ile. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni asingojewe hata usiku mmoja. Na mtoto ambaye mboni yake yang'aa nyeupe apelekwe upesi, maana huenda ikawa ni saratani, nayo huua.

Hatusemi kwamba kila jicho jekundu ni msiba. Lenye tongotongo, lisilouma sana wala kupunguza kuona, aghalabu hupoa kwa siku chache. Mikono ioshwe, na taulo isitumiwe na wawili. Lakini ukiongezeka uchungu, au mwanga ukiumiza, au maandishi yakififia, usikae.

Tena twawasihi: msitie jichoni majani, wala mkojo, wala maziwa ya mama, wala matone yaliyobaki kwa jirani. Yako matone yenye steroidi ambayo hutuliza wekundu, huku kidonda kikizidi kuchimba chini.

Sisi wa mjini tuna Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya macho. Tena tuna hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine, njia yao ni ya maji. Basi hawana budi kuanza mapema zaidi. Waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu, waombe kupelekwa mbele bila kukawia.

Mwisho, twasema na wenzetu walio wakuu wa ofisi. Mtu akija ameshika jicho, asiulizwe majalada yake wala siku zake za ruhusa. Aachwe aende, na barua ifuate nyuma. Nasi tulio wadogo tusione haya kuomba. Mwenzetu yule hakukosa maji, wala hospitali, wala rafiki. Alikosa mtu wa kumwambia, "Sasa hivi."

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.