Ndengu Mezani, Mvua Kwenye Chupa

Msikilizaji, darasa la gredi ya pili huko Mwingi au Kibwezi linaweza kuchangamka hata bila kompyuta. Ndengu, zao linalostahimili ukame wa Ukambani, ni vihesabio tayari: kila mtoto apewe konzi moja, azipange makumi makumi, kisha amtungie jirani yake swali. Kelele zitakuwepo. Mwalimu asizizime; ni kelele za watoto wanaofanya kazi.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unahimiza kujifunza kwa kutenda. Sera nayo inataka gredi tatu za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Basi mtoto wa Kitui anayejibu kwa Kikamba asikatizwe. Akikatizwa mara mbili, hanyoshi mkono tena, na hilo linaniuma.

Kwa gredi ya nne, mvua ya Machi na Aprili ni somo tosha: chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, rula, na kundi la zamu linalosoma milimita kila asubuhi na kuchora grafu ukutani. Walimu wakuu, wapeni walimu wenu muda wa kuyaandaa haya.