Hesabu Aliyotuachia Mwalimu Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa)



Halmashauri imetupa kazi ya kusema maneno machache juu ya marehemu mwalimu wetu wa hesabu, aliyetutoka katika mwaka huu tunaoufunga. Jina lake halitachapwa katika kitabu hiki, kwa kuwa wajukuu zake wameomba hivyo, nasi twatii. Wengi mliomo ukumbini aliwafundisha, na wasiofundishwa naye walifundishwa na waliofundishwa naye. Mtamtambua.

Alizaliwa katika vilima vya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1940. Baba yake alikuwa mkata mkonge katika shamba moja kule chini tambarare. Siku zile mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi za siku 30, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zijae alama. Mzee hakujua kusoma. Binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kuhesabu, alimshauri afunge fundo moja katika kamba kila jioni atokapo kazini. Mafundo yalipotimia 30, alama katika kadi zilikuwa 27. Mzee akaichukua kamba yake mpaka kwa karani, akaiweka mezani. Siku zile tatu hazikulipwa. Lakini tangu hapo mafundo na alama vililingana. Sisi tulio makarani twafaa kuikumbuka kamba hiyo kila tushikapo kalamu.

Alisoma katika shule ya misheni, akashinda mtihani wa darasa la nane ulioitwa K.A.P.E., akaingia chuo cha ualimu na kutoka na cheti cha P3. Alianza kazi karibu na mwaka wa Uhuru, 1963, katika shule ya vyumba vinne vya udongo. Mwaka 1966, sarafu za Kenya zilipotolewa badala ya zile za Afrika ya Mashariki, yeye aliziweka akiba senti kumi kumi za zamani, zile zenye tundu katikati, akazitunga katika uzi, kumi kwa kila uzi. Kila uzi ulikuwa shilingi moja. Kwa nyuzi hizo watoto wa vilima vyetu walijifunza kuzidisha na kugawanya kwa muda wa miaka thelathini na zaidi.

Ilipokuja ile iliyoitwa Hesabu Mpya, pamoja na vitabu vilivyotungwa Entebbe katika miaka ya 1960, walimu wengi walitaabika, na wazazi waliuliza kwa nini mtoto hajui bei ya chumvi bali anajua seti. Yeye hakubishana. Alimwaga maharagwe na mahindi juu ya meza, akawaambia watoto wayatenge mafungu, kisha wayahesabu. Mwaka 1981 Hesabu Mpya ilipoondolewa katika shule za Kenya, mwenzake alimwuliza kama amefurahi. Alijibu, “Kitabu kimeondolewa, maharagwe yangalipo.”

Alistaafu alipotimiza miaka 55, kama ilivyokuwa sheria ya wakati ule. Sisi tulio vijana tulichelewa kumpata darasani. Tulimpata barazani kwake, jioni, tukiwa tumekalia mawe. Wakati huo alikuwa analea wajukuu wanne, kwa maana binti yake alikuwa amefariki. Aliwalea kwa shamba la mahindi, migomba michache, na malipo yake ya uzeeni.

Nyumbani mwake hapakuwa na kitu kilichogawanywa pasipo hesabu, wala hapakuwa na mtoto aliyelala na njaa kwa sababu ya hesabu. Chapati zikiwa tano na watoto wanne, mmoja alipewa kisu akate, na huyo huyo ndiye aliyechukua wa mwisho. Hatujapata kuona vipande vilivyolingana kama vile. Kila mjukuu alikuwa na kuku wake na ukurasa wake wa kuandika mayai. Mmoja wao, msichana, tarakimu zilimpiga chenga mpaka akawa analia. Nyanya yake hakumpiga wala hakumwita mjinga. Alikaa naye kando ya moto usiku baada ya usiku, na nyuzi za senti mkononi, akisema, “Tuanze tena, mama, usiku ni mrefu.” Msichana huyo leo ni muuguzi, na kazi yake ni kupima dawa ya mtoto kulingana na uzito wake. Apimapo, hupima mara mbili. Anasema si hospitali iliyomfundisha hivyo.

Wakulima wetu nao walimjua. Wachuuzi walipokuwa wakipanda milimani kununua mahindi kwa debe, mmoja alikuja na debe lililogongwa kwa ndani hata likabonyea nje. Mwalimu aliliomba, akalijaza maji mbele ya watu kwa chombo cha lita moja. Debe la haki ni galoni nne, yaani lita 18 na kidogo. Lile lilipokea 20. Akawageukia wakulima, akasema, “Kila auzaye madebe kumi kwa chombo hiki ametoa la kumi na moja bure.” Kisha akatuita sisi watoto tuhakikishe jibu kwa kijiti mchangani, maana kwake jibu lisilohakikishwa halikuwa jibu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yeye alituonyesha kwamba haba na haba pia hukikausha.

Ndugu wanachama, mpaka hapa tumesema mambo ya kumsifu. Sasa yatupasa kusema jambo linalotuhusu sisi.

Mwalimu alivitunza vitabu vyote vya taarifa ya mwaka vya chama hiki, na alivisoma kwa kalamu nyekundu. Miaka michache iliyopita, katika mkutano kama huu, aliinuka akasema, “Wanangu, nimejumlisha. Katika kila shilingi kumi mlizotumia, nane zimekwenda katika maziko, moja katika chai na nauli za halmashauri, na moja katika watoto. Je, ndivyo mlivyotaka?” Ukumbi ulicheka. Mmoja akamjibu kwamba msiba hauhesabiwi. Mama yule akakunja karatasi yake, akaketi. Twaungama leo kwamba aliyemjibu hivyo ni sisi tunaosimama hapa. Hatukuwa tumeipiga ile hesabu, wala hatukuipiga baadaye. Tulimjibu tu.

Alipofariki, chama kilifanya kama kifanyavyo siku zote. Fedha zilichangwa kwa simu, na kwa siku sita zikafika shilingi 240,000. Halmashauri ikapanga jeneza la vioo kutoka mjini, mabasi mawili, mahema, vipaza sauti, na ng'ombe wawili. Usiku huo mjukuu wake, yule muuguzi, akaingia na daftari la shule. Akasema, “Wazee wangu, nyanya amewaachia hesabu.”

Ukurasa ulikuwa na kichwa cha maneno: Maziko Yangu. Jeneza, la seremala wa kijijini. Mahindi na maharagwe, ya shambani, bila malipo. Chai, sukari, maziwa, saruji, nauli ya wasiojiweza. Jumla, shilingi 61,500. Chini yake aliandika: Baki ipelekwe shuleni. Na chini kabisa, kama alivyoandika katika madaftari yetu sote: Hakikisha.

Tulihakikisha. Tuliona bei ya sukari na saruji imepanda tangu alipoandika, tukaongeza shilingi 4,500, ikawa 66,000. Hilo ndilo kosa pekee tulilolipata.

Hata hivyo, hatukukubaliana upesi. Wazee wengine walisema, na kwa haki, kwamba kumzika mtu vizuri ndiko kunakotuonyesha kuwa tungali watu wamoja, hata tukitawanyika mijini. Wengine waliogopa vijiji jirani vitasema tumemzika mwalimu kama asiye na wenyewe. Maneno yalikwenda mpaka saa saba za usiku. Ndipo mzee mmoja, mwanafunzi wake wa miaka ya kwanza, akasema, “Hii ndiyo hesabu yake ya mwisho. Tukiikosea, hayupo wa kutusahihisha.” Hakuna aliyeongeza neno.

Akazikwa kwa hesabu yake. Watu walijaa mpaka matutani, wakala makande ya shamba lake, wakaimba bila vipaza sauti, na sauti ilifika bonde la pili. Baki ilikuwa shilingi 174,000. Madawati yalipatikana kwa shilingi 6,000 kila moja, nayo yakawa 29 kamili. Katika shule ile watoto walikuwa wakibanana wanne katika dawati moja. Sasa madarasa mawili yanakaa wawili wawili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta hoja mbele ya mkutano huu. Hatuombi chama kiache kuzika watu wake, hilo halitakuwa. Twaomba kwamba tangu mwaka ujao, kila shilingi itakayotoka kwa maziko iandamane na shilingi moja ya karo na vifaa vya watoto, na kwamba hesabu ya kila msiba isomwe mbele ya wanachama wote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tumekwisha kupoteza mengi.

Tumeambiwa kwamba hoja hii itapunguza heshima ya misiba yetu. Tulipata kusema maneno ya namna hiyo siku moja katika ukumbi huu huu, tukachekewa kwa furaha, na tulikuwa tumekosea.

Wajukuu zake wametukabidhi ile kalamu nyekundu. Iko mezani pa Mweka Hazina, pamoja na taarifa ya fedha ya mwaka huu. Kila mwanachama na aisome taarifa hiyo, na ajumlishe mwenyewe kabla ya kuinua mkono.

Mungu amlaze mwalimu wetu mahali pema.